Kakao ya kilimo hai na kakao ya kawaida: tofauti zake kuanzia shambani hadi mpakani

Kakao, ambayo wakulima wengi wa Kyela huiita kokoa, ni miongoni mwa mazao ya biashara yanayovuka mipaka ya eneo letu kwa wingi. Inalimwa wilaya za Kyela na Rungwe kusini mwa Tanzania, wilaya ya Bundibugyo magharibi mwa Uganda, na Beni na Ituri mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sehemu ya kakao hiyo huuzwa Ulaya na Marekani ikiwa na cheti cha kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali. Iliyobaki huuzwa kama kakao ya kawaida.

Kwa macho, punje za aina hizi mbili hazina tofauti. Tofauti iko katika namna shamba linavyotunzwa, katika bei, na zaidi ya yote katika kumbukumbu zinazoandamana na mzigo. Makala hii inaeleza tofauti hizo, faida na hasara za kila upande kwa mkulima mdogo, na mambo ambayo mfanyabiashara na msafirishaji wanapaswa kuyafahamu.

KAKAO YA MPAKANI ILIVYOENEA

Bundibugyo na Beni zina historia inayofanana. Zamani zao kuu la biashara pande zote mbili lilikuwa kahawa ya robusta. Ugonjwa wa mnyauko ulipoua mibuni, wakulima wengi waligeukia kakao. Aidha, mwishoni mwa miaka ya 1990 mashambulizi ya waasi wa ADF yaliwalazimisha wakazi wengi wa Bundibugyo kuishi kambini. Hali ilipotulia, upandaji wa kakao uliongezeka, na leo wilaya hiyo inatoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya Uganda.

Kyela iko kaskazini mwa Ziwa Nyasa, karibu na mpaka wa Malawi. Mvua ni nyingi, na mkulima wa kawaida huchanganya kakao na migomba, miembe, michikichi na minazi katika eneo dogo la nyumbani. Ununuzi wa kakao yenye cheti cha kilimo hai umekuwepo Kyela na Bundibugyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

KILIMO HAI SI KUTOTUMIA DAWA TU

Wakulima wengi wa ukanda huu hawanunui mbolea wala dawa kwa sababu hawana fedha za kununulia. Wafanyabiashara wengine hudhani kwamba kakao ya mkulima huyo ni hai moja kwa moja. Sivyo. Ili iuzwe kwa jina hilo, ni lazima shamba liwe limesajiliwa, limekaguliwa na kampuni ya ukaguzi inayotambuliwa na soko husika, na limepita kipindi cha mpito. Kwa soko la Ulaya, kipindi hicho kwa mazao ya kudumu kama kakao ni miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza kuuzwa kama hai.

Aidha, kilimo hai kinamtaka mkulima afanye kazi badala ya kuacha shamba lijiendee. Ugonjwa unaosumbua zaidi ni kuoza kwa matunda, ambao husababishwa na vimelea vinavyopenda unyevu. Mkulima wa kawaida hupulizia dawa ya ukungu. Mkulima wa kilimo hai hupogoa miti ili hewa na mwanga vipite, huvuna mara kwa mara, na huondoa matunda yote yaliyoathirika. Dawa zenye madini ya shaba zinaruhusiwa kwa masharti na kwa kiasi kilichowekewa ukomo. Kwa upande wa magugu, panga na jembe huchukua nafasi ya dawa. Kwa hiyo gharama ya pembejeo hupungua, lakini siku za kazi huongezeka. Familia yenye nguvu kazi ya kutosha hufaidika. Mjane au mzee anayelipa vibarua huona mzigo.

MAVUNO: MAJIBU KUTOKA BOLIVIA

Swali la kwanza la kila mkulima ni kama kilimo hai kinapunguza mavuno. Jaribio linalotajwa sana ni lile la eneo la Alto Beni nchini Bolivia, lililoanzishwa mwaka 2008 na taasisi ya utafiti wa kilimo hai ya FiBL ya Uswisi pamoja na washirika wake wa huko. Watafiti walipanda kakao peke yake na kakao iliyochanganywa na miti mingine, kila aina ikilimwa kwa njia hai na kwa njia ya kawaida.

Matokeo ya miaka ya mwanzo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba kakao iliyopandwa peke yake kwa njia hai ilitoa mavuno pungufu kwa asilimia 47 kuliko ile ya kawaida. Lakini pale ambapo kakao ilichanganywa na miti mingine, pengo lilikuwa asilimia 16 tu, kiasi ambacho watafiti walisema hakitoshi kuthibitisha kwamba kuna tofauti ya kweli. Tena, mashamba mseto yalitoa mazao mengi zaidi kwa jumla ukihesabu ndizi na mazao mengine. Hesabu ya mapato kwa kila siku ya kazi nayo iliyapa mashamba mseto nafasi ya juu, japokuwa kakao yenyewe ilikuwa kidogo kuliko ya mashamba yasiyo na kivuli.

Kwa mkulima wa Kyela au Bundibugyo, matokeo haya yana maana ya moja kwa moja. Anayefyeka miti yote apande kakao juani anahitaji mbolea na dawa ili shamba lilipe, na akiingia kilimo hai atapoteza mavuno mengi. Mwenye shamba mseto hapotezi sana. Na yule ambaye hakuwahi kutumia mbolea ya dukani hana mavuno ya kupoteza kwa kuiacha. Ndiyo sababu kilimo hai kimeshika haraka katika maeneo ya wakulima wadogo wenye migomba na miti ya kivuli.

MITI, WADUDU NA NDEGE

Kakao ni mti wa msituni. Maua yake ni madogo na huchavushwa hasa na visubi wadogo sana ambao huzaliana kwenye majani yanayooza, maganda ya kakao na vigogo vya migomba. Shamba lililofagiliwa hadi udongo ukabaki mtupu, au lililopuliziwa dawa ya wadudu bila mpango, huweza kuwa na maua mengi na matunda machache. Hapo uhai wa viumbe vidogo ni sehemu ya mavuno.

Kwa ndege na wanyama, jambo la maana zaidi ni idadi na aina ya miti iliyobaki shambani. Shamba hai lisilo na miti mingine haliwezi kulingana na shamba mseto, hata kama halitumii dawa. Nalo shamba mseto haliwezi kuchukua nafasi ya msitu wa asili. Bundibugyo inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Semuliki, yenye kilomita za mraba 220 na zaidi ya aina 400 za ndege. Msitu huo ni ncha ya mashariki ya msitu mkubwa wa Ituri. Ng'ambo ya mpaka kuna Hifadhi ya Virunga, na kaskazini zaidi Hifadhi ya Okapi, zote zikiwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Hatari iko hapo. Bei ikipanda, watu hufyeka msitu na kupanda kakao mpya kwa sababu udongo wa msitu hauhitaji mbolea kwa miaka ya mwanzo. Kakao hiyo haijaguswa na kemikali yoyote, lakini imegharimu msitu mzima.

HESABU YA NYONGEZA YA BEI

Kakao hai hulipiwa nyongeza juu ya bei ya soko. Kiasi hutegemea makubaliano ya mnunuzi na muuzaji. Mfano unaojulikana ni wa mfumo wa Fairtrade, ambao Oktoba 2019 ulipanga bei ya chini ya dola 2,400 kwa tani ya kakao ya kawaida, na nyongeza ya dola 300 kwa kakao hai.

Nyongeza ya aina hii huwa ni kiasi kisichobadilika, wakati bei ya soko hupanda na kushuka. Bei ikiwa dola 2,400, dola 300 ni asilimia 12.5. Mkulima hai anaweza kuvuna pungufu kwa asilimia 11 na bado akapata fedha ileile kama jirani yake, hata kabla ya kuhesabu dawa ambazo hakununua. Bei ikiwa dola 6,000, nyongeza ni asilimia 5. Bei ikifika dola 12,000, nyongeza ni asilimia 2.5 tu, na upungufu wa mavuno anaoweza kuuvumilia ni asilimia 2.4.

Bei hizo si za kufikirika. Kutokana na mavuno mabaya ya Ivory Coast na Ghana, bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani mwezi Machi 2024, na Desemba mwaka huo ikapita dola 12,000 katika soko la New York. Mwaka 2025 ilianguka, na kufikia Novemba ilikuwa karibu nusu ya kilele hicho.

Wakati wa bei kubwa, wanunuzi wadogo wenye fedha mkononi hufika shambani na kununua kila kilo bila kuuliza cheti. Mkulima aliyesajiliwa huona hakuna sababu ya kusubiri kikundi chake kilipe kwa ajili ya nyongeza ndogo. Bei inaposhuka, nyongeza hurudi kuwa na uzito, lakini kikundi kilichopoteza wanachama na kumbukumbu zake wakati wa neema hakiwezi kuzirudisha kwa siku moja. Mfanyabiashara anayetaka kakao hai kwa miaka mingi anapaswa kukumbuka kwamba vikundi huvunjika wakati wa bei nzuri.

CHETI NI CHA NANI?

Kwa muda mrefu cheti cha kilimo hai kilishikwa na kampuni ya kuuza nje iliyolipia ukaguzi. Wakulima waliosajiliwa chini yake hawakuweza kuuza kakao yao kama hai kwa mnunuzi mwingine. Walibaki na njia mbili: kuuza kwa kampuni hiyo au kuuza kama kakao ya kawaida.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 2022 na ambayo mwaka 2025 ilianza kuchukua nafasi ya utaratibu wa zamani kwa nchi za nje ya Ulaya, imebadilisha jambo hilo. Kikundi cha wakulima kinatakiwa kiwe chombo kinachotambuliwa kisheria, chenye wanachama wasiozidi 2,000, ambao kwa kawaida wana mashamba yasiyozidi hekta 5 kila mmoja. Kikundi kinatakiwa kuwa na mfumo wake wa ukaguzi wa ndani unaomfikia kila mwanachama. Kampuni ya ukaguzi ya nje nayo hurudia kukagua angalau asilimia 5 ya wanachama kila mwaka.

Mabadiliko haya yana pande mbili. Wakulima wakishika cheti wenyewe, wanapata nguvu ya kuchagua mnunuzi. Kwa upande mwingine, gharama na kazi ya makaratasi huwaangukia, na kampuni iliyokuwa na wakulima 6,000 chini ya cheti kimoja inakuta inahitaji vikundi visivyopungua vitatu. Mnunuzi anayeingia Kyela au Bundibugyo aulize kwanza cheti kimeandikwa jina la nani, na kama bado hakijaisha muda wake.

Kwa biashara ya ndani ya Afrika Mashariki kipo Kiwango cha Bidhaa za Kilimo Hai cha Afrika Mashariki, kilichopitishwa mwaka 2007, pamoja na alama yake ya Kilimohai. Alama hiyo ni ya soko la kanda. Haichukui nafasi ya cheti kinachotakiwa Ulaya au Marekani.

KAKAO INAPOVUKA MPAKA

Kakao ya Beni na Ituri husafiri kwa barabara kupitia Kasindi na Mpondwe, kisha Kampala hadi bandari ya Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Njia nyingine ni ya Nobili na Busunga, inayoingia moja kwa moja Bundibugyo. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini tofauti za kodi na bei kati ya pande hizi mbili bado huwavutia watu kuvusha kakao kwa njia za panya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia hali ya Kongo wametaja magendo ya kakao ya Beni kwenda Uganda katika ripoti zao.

Kuna pia suala la damu. Tangu Oktoba 2014 raia wengi wa Beni wameuawa na waasi, wengi wao wakiwa mashambani. Wakulima hushindwa kufika kwenye kakao yao wakati wa mavuno, na watu wengine huvuna shamba lisilo lao. Gunia lisilojulikana limetoka kwa nani laweza kuwa ni la mkulima aliyekimbia au aliyeuawa.

Kwa biashara ya kakao hai, kuchanganya huku kunaumiza pande zote. Kilo chache zisizosajiliwa zikiingia kwenye shehena ya Bundibugyo, shehena nzima haiwezi kuuzwa kama hai. Wakati huohuo, mkulima wa Kongo ambaye shamba lake lina cheti huko kwake hupoteza nyongeza kwa sababu kakao yake imehesabiwa kuwa ya Uganda. Dalili inayowashtua wakaguzi kwanza ni hesabu: kikundi kikiuza tani nyingi kuliko uwezo wa hekta zake, cheti huwekwa hatarini. Wakulima wengi wadogo wa Afrika huvuna takriban kilo 300 hadi 500 kwa hekta, hivyo wanachama 1,000 wenye hekta moja kila mmoja hawatarajiwi kutoa tani 900.

Upande wa Kyela tatizo hufanana kwa sura nyingine. Biashara ya njemke, yaani kununua kakao mbichi au ingali shambani kwa bei ya chini, humfanya mkulima auze kabla ya kuvundika. Mnunuzi huichanganya na ya wengine, na hapo ubora na rekodi ya shamba vyote hupotea. Mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika umeongeza ushindani wa bei, lakini kakao hai hunufaika tu pale ghala linapoipokea, kuipima na kuinadi peke yake.

MAMBO YA KUZINGATIA KATIKA KUHIFADHI NA KUSAFIRISHA

Kakao hai hutunzwa na mkulima kwa miaka lakini huweza kuharibika kwa safari moja. Mambo yafuatayo ndiyo husababisha shehena nyingi kukataliwa au kushushwa daraja:

1. Unyevu. Kakao ivundikwe siku 5 hadi 7, kisha ianikwe kwenye vichanja hadi unyevu ufikie takriban asilimia 7.5. Ikizidi asilimia 8 huota ukungu, hasa ndani ya kontena lililofungwa kwa wiki kadhaa. Kukausha kwa moshi wa kuni au pembeni mwa barabara ya lami huacha harufu isiyotoka.

2. Ufukizaji. Kakao ya kawaida huhifadhiwa kwa kufukizwa gesi ya fosfini. Kwa kakao hai gesi hiyo hairuhusiwi. Mwenye ghala la kukodi au wakala wa bandarini akifukiza bila kuambiwa, hadhi ya mzigo imekwisha. Maelekezo ya kutofukiza yaandikwe kwenye hati za mzigo.

3. Gari. Lori lililobeba mbolea, viuatilifu, saruji au mafuta lisipakie kakao hai kabla ya kusafishwa. Dereva aweke kumbukumbu ya mzigo uliotangulia na tarehe ya usafi.

4. Magunia. Yatumike mapya au masafi, ya aina inayofaa kwa chakula. Gunia lililowahi kubeba mbolea au mbegu zenye dawa lisitumike hata kwa kuhamishia.

5. Utengano. Katika ghala moja, kakao hai iwe na sehemu yake, alama yake na namba ya shehena inayoonyesha kikundi na msimu. Stakabadhi ya kila mkulima ihifadhiwe.

6. Hati. Kwa mzigo wa kilimo hai uendao Ulaya, cheti cha ukaguzi wa shehena hutolewa kwa njia ya elektroniki kabla mzigo haujaondoka nchi ulikotoka. Kukifuata baada ya kontena kupakiwa melini ni kuchelewa. Hiki ni nje ya cheti cha afya ya mimea na hati ya uasili wa bidhaa.

SHERIA YA MISITU YA ULAYA

Kakao zote, hai na za kawaida, zinakabiliwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115. Inakataza kuingizwa kwa kakao iliyolimwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mwagizaji anatakiwa kuonyesha mahali hasa shamba lilipo. Kwa shamba la hadi hekta 4 nukta moja ya ramani inatosha, na kwa kubwa zaidi hutakiwa mchoro wa mipaka yake. Utekelezaji uliahirishwa mara mbili. Kwa marekebisho ya Desemba 2025, kampuni kubwa na za kati zilipangiwa kuanza tarehe 30 Desemba 2026, na ndogo tarehe 30 Juni 2027.

Cheti cha kilimo hai hakithibitishi kwamba kanuni hii imetimizwa. Hata hivyo, kikundi cha kilimo hai tayari kina majina ya wakulima, ukubwa wa mashamba na kumbukumbu za mauzo, hivyo hakianzi sifuri. Mwenye kazi kubwa ni mnunuzi wa kakao ya kawaida anayekusanya kwa bodaboda na baiskeli kutoka kwa watu asiowajua. Kwake, kakao ya mpakani isiyo na jina wala mahali itazidi kuwa ngumu kuuzika Ulaya, hata ikiwa imelimwa kihalali na mkulima mwaminifu.

Kwa ufupi, mkulima mdogo wa eneo hili ana sababu nzuri ya kubaki na shamba mseto, awe na cheti au asiwe nacho, kwa kuwa migomba na miti humpa chakula na fedha bei ya kakao inapoanguka. Cheti humwongezea kipato pale tu kumbukumbu za shamba lake zinapofika bandarini pamoja na gunia lake. Kazi hiyo ya mwisho iko mikononi mwa mnunuzi, mwenye ghala na dereva.